Nahodha Aliyejiundia Chombo

Mwaka 1892 alikuwako mjini Boston, Marekani, nahodha asiye na chombo. Jina lake Joshua Slocum, mzaliwa wa Nova Scotia, Kanada. Merikebu za moshi zilikuwa zimezishinda zile za matanga, na manahodha wa zamani kazi ziliwaadimikia. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa mvuvi wa nyangumi alipompa chombo kilichokuwa Fairhaven, akisema chahitaji matengenezo kidogo.

Slocum alikikuta chombo hicho, Spray, kimeegemezwa kondeni, kimefunikwa turubai. Majirani walidhani amekuja kukivunja. Alipowaambia kwamba atakiunda upya, walimwuliza, “Je, kitalipa?”

Yeye alishika shoka. Mwaloni uliosimama karibu ukaangushwa ukawa mkuku. Miti ya mataruma aliifukiza kwa mvuke hata ikalainika, kisha akaipinda. Alitoa ubao mbovu akatia mpya, mmoja baada ya mmoja, hata ikawa vigumu kujua chombo cha zamani kilikoma wapi na kipya kilianza wapi. Kazi ilichukua miezi 13, na vifaa viligharimu dola 553.62.

Ndani hamkuwa na nafasi ya kupotezwa. Taa ya tambi mbili aliitengeneza kwa hila ndogo: usiku ilimmulikia, mchana ikawa jiko lake. Mashua ndogo iliyotupwa aliikata nusu, akaliziba pengo kwa mbao. Ikamfikisha pwani, tena ikawa beseni la kufulia na kuogea. Saa yake ya bati aliinunua kwa dola moja, maana uso wake ulikuwa umevunjika.

Tarehe 24 Aprili 1895 alitweka tanga, peke yake. Huko Amerika ya Kusini aliufupisha mlingoti, akaongeza galme. Katika Bahari ya Hindi alisafiri siku 23, maili 2,700, usukani umefungwa kwa kamba; yeye mwenyewe hakuushika zaidi ya saa tatu.

Tarehe 27 Juni 1898 alitia nanga Newport. Alikuwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa tanga akiwa peke yake.

Basi majirani walipata jibu lao. Fedha zake zilikuwa chache na chombo chake kilikuwa kibovu, lakini hakungoja kupewa kilicho bora. Wahenga walisema kweli: mchagua jembe si mkulima.