Matunzo ya Mtoto Mbele ya Sheria

Wahenga walinena, "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea." Basi wazazi wakitengana, au wasipooana kamwe, ni nani atakayeuchukua mzigo huo wa kulea? Swali hili limewashughulisha watunga sheria wa Kenya kwa zaidi ya miaka 60.

Hapo zamani, katika makabila mengi ya nchi hii, mwanamume aliyempa msichana mimba alitozwa mifugo, naye baba wa msichana ndiye aliyeipokea. Mtoto alikulia katika ukoo, penye shamba na maziwa. Lakini katika miaka ya 1940 na 1950 ilijengwa mitaa ya Kaloleni na Maringo, iliyo katika Makadara ya leo, Nairobi. Huko hapakuwa na shamba. Unga, kodi ya nyumba na karo vilitaka fedha kila mwezi, na mbuzi aliyelipwa mara moja kijijini hakuweza kumlisha mtoto wa mjini.

Mwaka 1959 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyomruhusu mama asiyeolewa kumshtaki baba wa mtoto, ili hakimu amwamuru kutoa fedha za matunzo kila mwezi. Wanaume wengi walinung'unika, wakidai kuwa sheria hiyo ni ya kigeni na kwamba wasichana wameigeuza kuwa biashara. Mwaka 1969 Bunge, ambalo halikuwa na mwanamke hata mmoja, liliifuta. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipinga, lakini hakikusikilizwa.

Mtoto aliyezaliwa mwaka huo alikuwa mtu mzima wa miaka 41 Katiba ya 2010 ilipotamka kwamba wajibu wa baba na mama ni sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2022 ikathibitisha neno hilo. Siku hizi hakuna kiasi kimoja kwa wote: hakimu hupima mapato na mali ya kila mzazi, kisha chakula, malazi, elimu na afya ya mtoto, ndipo aamue.

Tazama basi jinsi mambo yalivyogeuka. Kwanza malipo yalikuwa ya babu, kisha yakadaiwa na mama. Leo ni haki ya mtoto mwenyewe. Waswahili walikwisha kusema, "Kitanda hakizai haramu." Sheria ilichelewa tu kuwasikia.