Kitabu Kilichotoka Frere Town

Mwaka 1934 shirika la uchapishaji la Sheldon Press, London, lilitoa kitabu chembamba cha Kiswahili, Uhuru wa Watumwa. Mwandishi wake, James Mbotela, hakuwa malenga wa kisiwa cha Mombasa. Alikuwa mwana wa Frere Town, ng'ambo upande wa Kisauni, na baba yake aliwahi kuuzwa utumwani.

Huko kisiwani, Mji wa Kale, ushairi ulikuwa na wenyewe tangu enzi za mshairi Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840. Ng'ambo ya pili hapakuwa na jadi hiyo. Frere Town ilikuwa kijiji cha wageni, kilichoanzishwa na wamisionari Waanglikana wa shirika la CMS mwaka 1875 chini ya mchungaji William Salter Price, miaka miwili baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Manowari za Kiingereza zilikamata majahazi, na waliookolewa wakashushwa hapo: Wayao, Wamakua, Wanyasa, kila mmoja na lugha ya kwao. Kiswahili kikawakutanisha, na shule ya misheni ikawatia kalamu mkononi watoto wao. Kengele ya kijiji, iliyopigwa kuwaonya watu wafanyabiashara wa utumwa walipokaribia, ingali Kengeleni, matatu zikipigiana honi kando yake.

Mbotela aliwasikiliza wazee waliopitia yote hayo, baba yake akiwa mmoja wao. Lakini hakuandika kama karani anayenukuu ushahidi. Aliyapanga masimulizi yakawa safari moja: maisha ya Uyao kabla ya balaa, msafara wa kuteremka pwani, jahazi, manowari, kisha kijiji kipya.

Ni historia au ni riwaya? Wahakiki hawajakubaliana. Wapo wanaokitaja miongoni mwa vitangulizi vya riwaya ya Kiswahili, kwani Adili na Nduguze cha Shaaban Robert hakikutoka hadi 1952. Wengine hawakitaki kabisa kwa jinsi kinavyowatukuza Waingereza, na kusema kweli sifa hizo huchosha: Mwarabu katili, Mwingereza mkombozi, basi. Hata hivyo, baba yake Mbotela alitolewa jahazini na mabaharia wa Kiingereza hao hao, na kitabu kilipigwa chapa na shirika la Kikristo huko huko Uingereza. Mwandishi wa 1934 aliyetaka kuchapishwa alikuwa na nafasi finyu ya kusema vingine. Yenye uhai zaidi ni kurasa za mwanzo, kabla Mwingereza hajatokea.

Tafsiri ya Kiingereza ilitoka 1956. Ukoo wa Mbotela nao uliendelea kusimulia kwa njia nyingine: mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Frere Town mwaka 1940, aliwahoji Wakenya kuhusu adabu zao katika kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? kwa miongo kadhaa, redioni na kwenye televisheni. Alifariki Februari 2025.