Hirizi ya Bes katika Misri ya Kale

Miungu mikubwa ya Misri ya kale ilijengewa mahekalu ya mawe na kuhudumiwa na makuhani wengi. Bes hakuwa wa daraja hiyo. Alikuwa mlinzi wa nyumbani: kibeti mwenye manyoya na masikio ya simba, ametoa ulimi, naye alilinda wanawake wenye kujifungua, watoto wachanga na watu waliolala. Sanamu yake ndogo ilifinyangwa kwa mchanga mweupe uliosagwa na kutiwa madini ya shaba, ikachomwa hata ikang'aa rangi ya samawati, kisha ikatungwa uzi na kuvaliwa.

Mfalme Akhenaten, katika karne ya 14 kabla ya Kristo, aliamuru jina la mungu Amun lifutwe mahekaluni, akamtukuza Aten peke yake. Hata hivyo, wachimbuaji wa Amarna, mji mkuu wake, wamekuta sanamu hizo za Bes katika nyumba za raia.

Je, kitu hiki tukiiteje? Wengine watasema ni sanamu tu, kwa kuwa hirizi kwetu ni maandishi yaliyoshonewa ndani ya ngozi. Lakini Wamisri walikuwa na neno meket, litokalo katika kitenzi chenye maana ya kulinda. Na neno letu latoka katika Kiarabu hirz, ambalo asili yake ni kulinda vilevile. Sanamu hutaja umbo. Hirizi hutaja kazi. Kwa ajili ya kazi hiyo raia wa Amarna hawakumwacha Bes. Basi hirizi ndilo neno lifaalo.