Riwaya kwa michango ya wasomaji

Kuchapisha riwaya kwa michango ni utaratibu ambao mwandishi huwaomba wasomaji fedha kabla ya kitabu kupigwa chapa. Hutangaza kazi yake, kiasi kinachohitajika na siku ya mwisho. Anayechanga huahidiwa nakala.

Utaratibu huu ni wa zamani. Olaudah Equiano, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, alichapisha kisa cha maisha yake mjini London mwaka 1789 kwa fedha za watu waliolipia mapema. Mwaka 2022, Mmarekani Brandon Sanderson alichangiwa zaidi ya dola milioni 41 kwa riwaya 4.

Nchini Kenya harambee si jambo geni. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, humwezesha mwandishi wa Turkana, awe Lodwar, Kakuma au Lokiriama mpakani mwa Uganda, kuchangiwa na msomaji aliye Mombasa, mradi pana mawimbi ya simu.

Hatari ni kwamba fedha hutangulia kitabu. Kampuni ya Unbound ya Uingereza ilipofilisika mwaka 2025, waandishi kadhaa walikosa malipo na baadhi ya wachangiaji wakakosa vitabu. Kwa hiyo, muswada uliokamilika na hesabu za wazi ndizo dhamana ya msomaji.