Sehemu ya 7: Daktari aliyeweweseka njiani kutoka Kwihara

Nimepotea wiki mbili kwa sababu najiandaa na mtihani wa uuguzi wa afya ya akili. Nikitoka zamu ya usiku nalala kidogo, nikiamka nafungua madaftari. Juzi kuna swali la mazoezi nimelikosa, na ndilo limenirudisha kwenye historia ya hapa kwetu Tabora.

Swali lenyewe liko hivi: mgonjwa ameletwa na ndugu zake. Tangu jana usiku anaongea maneno yasiyoeleweka na anaona watu ambao hawapo. Asubuhi alitulia, jioni ikaanza tena. Muuguzi aanze na nini? Mimi nikachagua dawa ya kumtuliza. Jibu ni kupima kwanza: joto, presha, sukari, malaria.

Sasa twende Kwihara. Wengi tulipelekwa pale na shule kuona tembe alilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Ila mwaka uliofuata walikuja watu wengine kwenye tembe lile lile, na hao mwalimu wetu hakutusimulia. Alikuwa Luteni Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, ametumwa kumtafuta Livingstone na kumsaidia. Alikuwa na mwenzake Murphy, na rafiki yake wa zamani, Daktari William Dillon, naye wa jeshi la majini. Walianza wanne. Kijana Robert Moffat, mpwa wa Livingstone, homa ilimmaliza njiani kabla hawajafika huku.

Walifika Agosti 1873 na homa ikawalaza. Zilipanda, zikashuka, zikarudi. Cameron na Dillon wote wawili macho yaliwasumbua mpaka ikafika hatua hawaoni vizuri. Kumbukeni wakati huo hakuna aliyejua malaria inatoka wapi. Kidudu chake kilionekana kwenye damu kwa mara ya kwanza mwaka 1880 kule Algeria, na habari ya mbu ikathibitishwa 1897. Kwinini ilikuwepo, lakini ilikuwa kazi ya kubahatisha.

Oktoba, Chuma akaingia na barua: Livingstone amefariki, na wenzake wanaubeba mwili wake kuupeleka pwani. Mwezi uliofuata msafara ukagawanyika. Cameron akaenda magharibi. Dillon, ambaye alikuwa hoi, akageuka pwani pamoja na Murphy na watu wa Livingstone. Siku chache tu baada ya kuagana, wakiwa Kasekera, Dillon akazidiwa na homa na tumbo, akaanza kuweweseka, na katika hali hiyo akajitoa uhai. Ilikuwa Novemba 1873. Cameron alipata habari akiwa njiani.

Nimeisoma mara tatu. Huyu alikuwa daktari, jamani. Alijua homa. Lakini ubongo ukishachemka, elimu yako haikuokoi, anayekuokoa ni mtu aliye macho pembeni yako.

Kitabuni hali hii inaitwa deliriamu. Kiswahili tunalo neno lake zuri, kuweweseka, ila tumelizoea kwa mtoto mwenye homa. Mtu mzima akiweweseka tunasema amerukwa na akili, amerogwa, apelekwe kwa mfumu. Tofauti mnaweza kuiona hata nyumbani. Kuweweseka kunaanza ghafla, ndani ya masaa au siku chache, kunakuja na kuondoka, na mtu hawezi kushika mawazo. Mwambie ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma, Jumapili, Jumamosi, Ijumaa. Anapotea njiani.

Na mimi nililipa somo hili kabla ya mtihani. Miaka ya nyuma, kwenye hospitali nyingine, niliwahi kumpokea mama wa siku ya tano baada ya kujifungua. Anapiga kelele, hamtambui mume wake, anasema mtoto si wake. Nikaandika kwenye faili "kichaa cha uzazi" kabla sijashika hata kipimajoto. Mkunga mmoja mzee akaniuliza, "Mwanangu, joto lake ngapi?" Nikakosa jibu. Alikuwa na malaria kali. Alipona, na mtoto alimnyonyesha tena, lakini lile faili bado naliona.

Kichaa cha uzazi kipo kweli, msinielewe vibaya. Kinawapata kama mama mmoja au wawili katika kila elfu moja wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, na kinatibika. Lakini malaria, maambukizi ya kizazi, presha ya kifafa cha mimba, damu kupungua sana, vyote vinaweza kuvaa nguo hiyo hiyo. Kwa hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Asiachwe peke yake, asiachwe peke yake na mtoto, na vitu vyote vya hatari viondolewe karibu. Msimfunge kamba.

Najua kinachowazuia ni nini. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 ikifuata njia ile ile ya misafara, na mwaka 1927 Waingereza wakafungua hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, kwenye reli hiyo hiyo. Tangu hapo "wa Mirembe" likawa tusi, na familia zinaficha wagonjwa ndani zikiogopa watapakiwa kwenye treni. Bibi yangu mwenyewe alikuwa akishusha sauti akitaja jina lile. Mama mwenye homa na maneno ya ajabu haanzii Mirembe. Anaanzia hospitali iliyo karibu, na kutobolewa kidole.

Jana nimerudia swali langu na nimelipata. Mume wangu alikuwa anashika kitabu akinisahihisha, mtoto amelala mapajani. Sasa nawaachia na nyie: leo usiku mwambieni mtu mzima mmoja nyumbani ataje miezi kurudi nyuma kuanzia Desemba, muone mzima anavyofanya, ili siku mkikutana na mgonjwa mjue tofauti. Majibu leteni kwenye komenti. Sehemu ya 8 nitaandika nikitoka zamu ya Alhamisi, itahusu Lutindi kule Usambara, walikoanzia Wajerumani.