Jeni ya timidini kinasi
Jeni hii hubeba maelekezo ya kimeng'enya kinachoipa timidini fosfeti ili itumike kujenga DNA. Mwaka 1967 Mary Weiss na Howard Green waliunganisha seli za binadamu na seli za panya zisizo na kimeng'enya hicho, wakaona kwamba seli chotara hupoteza kromosomu za binadamu kidogo kidogo. Lakini zikikuzwa penye aminopterini, dawa inayoziba njia ya kawaida ya kutengeneza malighafi ya DNA, huishi zile tu zilizobakiza kromosomu yenye jeni inayotakiwa, hata mchujo ukafanywa, kwa werevu wa kupendeza, na kifo chenyewe. Baadaye kromosomu hiyo ilitambuliwa kuwa ya 17, ilhali kwa panya jeni hiyo imo katika ya 11, pamoja na ile ya kimeng'enya kingine, galaktokinasi, kama zilivyoambatana kwa binadamu.