Vane, barafu na samaki wa Tanganyika: historia tusiyoisimulia



Tukianza kuongea historia ya mji wetu, tunajua pa kushika. Tunataja reli ya CFL iliyofika ziwani kutoka Kabalo mwaka 1915. Tunataja Mimi na Toutou, zile mashua mbili za Waingereza zilizosafirishwa nchi kavu kutoka kusini mwa Afrika, zikaanza kuwinda meli za Wajerumani hapa Desemba 1915. Tunataja Che Guevara na mwaka wake wa 1965. Leo naomba tushike kitu kidogo zaidi: vane. Ni ile ya chuma, yenye usukani wa mkono, inayofunga na kufungua bomba kwenye mashine kubwa ya baridi.

Utaniuliza: jamani, vane nayo ina historia? Inayo, na inagusa swali ambalo kila mtoto wa Kalemie analiona kila siku. Kwa nini samaki anayetoka ziwani mbichi anasafiri kwenda Lubumbashi akiwa mkavu? Ndagala tunawaanika juani, mikebuka tunawapiga moshi au kuwatia chumvi. Ni ufundi mzuri wa wazee wetu, sisemi vibaya. Lakini mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, ndagala wanaoza mchangani na mama aliyewanunua kwa deni anabaki na deni lake. Ziwa lipo, reli ipo, maporomoko ya kutoa umeme yapo. Kinachokosekana hapo katikati ni baridi.

Turudi nyuma. Mwaka 1806 Mmarekani mmoja, Frederic Tudor, alianza kupakia melini barafu iliyokatwa kwenye maziwa yaliyoganda ya Massachusetts, akaipeleka Martinique. Mwaka 1833 barafu yake ilifika mpaka Calcutta, India. Wakati ule baridi ilikuwa bidhaa ya nchi zenye theluji, na nchi za joto ziliinunua. Mambo yakageuka pale watu walipojua kutengeneza barafu kwa mashine. Mfaransa Ferdinand Carré alitumia amoniaki mwaka 1859. Miaka ya 1870 Mjerumani Carl von Linde akatengeneza mashine za kompresa, na wateja wake wa kwanza walikuwa viwanda vya bia. Mwaka 1876 meli iliyoitwa Frigorifique ilibeba nyama kwa baridi kati ya Ufaransa na Argentina. Tangu hapo, anayeshika baridi anashika bei, kwa sababu halazimiki kuuza leo kitu ambacho kesho kingeoza.

Kwa nini amoniaki? Kwa hewa ya kawaida inachemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri. Inapochemka inanyonya joto jingi sana: kilo moja inaweza kugandisha kilo mbili za maji na zaidi. Ni rahisi pia. Ubaya wake ni kwamba inachoma macho na mapafu, na ikiwa nyingi inaua. Tena kwenye joto la nyuzi 30, amoniaki iliyofungiwa ndani ya chuma inasukuma kwa nguvu karibu mara 12 ya hewa tunayoivuta. Kati ya nguvu hiyo na mapafu ya fundi kuna ukuta wa bomba na vane.

Sasa tuje kwenye ziwa letu. Mwaka 1911 mpaka 1913 Mbelgiji Louis Stappers alichunguza maji haya, na ndiyo maana jina la kisayansi la mikebuka, Lates stappersii, linamkumbuka yeye. Mwaka 1946 na 1947 Wabelgiji walifanya uchunguzi mkubwa zaidi wa ziwa. Miaka ya 1950 wavuvi wa Kigiriki wakaleta nyavu kubwa za kuzungusha, zinazovutwa na meli kwa taa za usiku. Uvuvi ukawa wa viwanda. Ukivua tani nyingi usiku mmoja, jua peke yake halitoshi kuzikausha: unahitaji barafu, na barafu inahitaji umeme. Umeme wa mji wetu unatoka Bendera, kwenye mto Kiyimbi, upande wa kaskazini. Ni njia moja tu ya nyaya kuja mpaka hapa.

Juni 1965 wapiganaji waliokuwa na Wakuba wa Che walishambulia kambi ya jeshi iliyolinda mtambo ule wa Bendera. Walishindwa. Lakini angalia walichokilenga. Wanajeshi wanajua kitu ambacho sisi raia tunakisahau: mji unashikwa kwa umeme wake.

Hapo ndipo wengi tunapofunga mjadala. "Ni vita, ndugu yangu. Vita ndiyo iliua viwanda." Ni kweli vita imeua mengi, sitaki kuwadanganya. Miaka ya 1990 uvuvi wa viwanda ulidhoofika pande nyingi za ziwa. Lakini vita peke yake haielezi yote, na ushahidi unaelea juu ya ziwa hili hili.

Mnaijua Liemba. Wajerumani waliiita Goetzen. Julai 1916, Wabelgiji walipokuwa wanakaribia Kigoma, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe. Kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka injini grisi nzito kila mahali. Meli ilikaa chini ya maji, Wabelgiji wakaiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini, injini zikiwa bado nzuri. Wale mafundi walikuwa wanashindwa vita, lakini hawakuacha mashine bila ulinzi. Vita ilichukua meli, grisi ikaokoa injini.

Mashine ya baridi nayo iko hivyo hivyo: mara nyingi inakufa polepole, na kifo chake kinaanzia kwenye kitu kidogo. Ndiyo maana sheria za kufunga na kutunza vane zina uzito. Kila moja inazuia ajali ya aina fulani. Tuziangalie kidogo.

Ya kwanza ni chuma chenyewe. Amoniaki ikikutana na unyevu inakula shaba na shaba nyeupe, kwa hiyo vane zake ni za chuma. Vane ya shaba iliyotolewa kwenye frigo ya freoni haifai hapo, hata ikiingia sawasawa.

Ya pili ni namna ya kuiweka. Mshale ulio ubavuni unaonyesha njia ya mtiririko, uufuate. Kwenye bomba lililolala, ilaze na fimbo yake, ili gesi isijifiche juu na maji yasituame chini. Ukielekeza fimbo chini, uchafu wote unashuka kwenye pakingi. Kama ni ya kuchomelea, yaani kusude kama tunavyosema hapa, toa kwanza koni na mipira ya ndani, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu vingine. Ukimaliza, safisha mabaki ya moto, maana chembe moja ya chuma juu ya kiti cha vane inatosha kuifanya ivuje maisha yake yote. Kisha pima kwa naitrojeni kavu. Oksijeni usiiguse kabisa, ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka.

Ya tatu ni utunzaji. Vane isiyozungushwa inaganda. Siku ya hatari unaikimbilia, usukani haugeuki. Kwa hiyo zizungushwe kwa zamu na iandikwe kwenye daftari: namba ya vane, tarehe, nani aliizungusha. Fimbo isafishwe na kutiwa mafuta kidogo, isipakwe rangi. Kofia yake irudishwe baada ya kazi. Ikikataa kugeuka, usiiongezee bomba refu ili upate nguvu; utavunja fimbo na kubaki na tundu.

Ya nne wengi hawaijui. Usifunge vane mbili ukaacha amoniaki ya maji imejaa katikati. Jua likipasha bomba, maji yale yanatanuka na hayana pa kwenda, na bomba linapasuka. Fundi anaweza kudhani amefunga vizuri, kumbe ametega bomu.

Ya tano: fungua polepole. Hii inatuhusu sana sisi wa umeme unaokatika. Agosti 2010, kwenye ghala la baridi huko Theodore, jimbo la Alabama, Marekani, umeme ulikatika zaidi ya saa saba. Uliporudi, mfumo wa kuongoza mashine ulianzishwa upya na ukaruka hatua moja: ya kupunguza kwanza gesi ya moto iliyokuwa imetumiwa kuyeyusha theluji kwenye koili. Vane zikafunguka, gesi ya moto ikakutana na amoniaki baridi, na mshtuko ukapasua bomba kubwa juu ya paa. Zaidi ya tani 14 za amoniaki zilitoka, na watu zaidi ya 150 walisema waliivuta. Wafanyakazi walijaribu kutafuta na kufunga palipovuja huku mashine ikiendelea kufanya kazi, badala ya kubonyeza kitufe cha kuzima yote. Iliwachukua zaidi ya saa nne.

Hiyo ni Marekani, wenye vipuri na zimamoto. Walikatiwa umeme mara moja. Sisi unakatika mara ngapi kwa wiki? Kwetu, umeme kurudi ni shangwe, mtaa mzima unapiga kelele. Kwenye chumba cha amoniaki, dakika ile ile ndiyo ya kutembea taratibu na daftari mkononi.

Mtu atasema amoniaki ni ya zamani, tutumie gesi za kisasa. Nayo hii ina historia. Freoni zilikuja kuanzia mwaka 1930 hivi kwa sababu watu waliogopa amoniaki. Mwaka 1974 wanasayansi Molina na Rowland wakaonyesha kwamba gesi za jamii hiyo zinakula ozoni. Mkataba wa Montreal ukasainiwa mwaka 1987. Zikaja gesi nyingine, nazo zikaonekana zinapasha dunia joto, na mwaka 2016 nchi zikakutana hapa jirani, Kigali, kukubaliana kuzipunguza. Amoniaki haili ozoni wala haipashi dunia joto. Kwa viwanda vikubwa, inarudi kwa heshima.

Kwa hiyo, ndugu zangu mliomaliza masomo na mnaotafuta kazi: kiwanda cha barafu kikifunguliwa kesho kwenye ziwa letu, tutashangilia kukatwa kwa utepe. Mimi nitauliza mambo matatu. Nani ana daftari la vane? Ni lini zilizungushwa mara ya mwisho? Na nani kati yetu anajua ipi ifungwe kwanza? Kama jibu ni fundi mmoja tu, na fundi huyo anatoka mbali, basi kiwanda kile ni cha kuazima. Akiondoka, samaki watarudi mchangani, na tutasema tena ni vita.

Wenye elimu ya mekanika na umeme, jifunzeni kazi hii. Wenye historia na sheria, andikeni wazee wetu waliowahi kufanya kazi kwenye mashine za reli, za bandari na za uvuvi, kabla hawajaondoka na walichokijua.